Windows ao Linux: kwa kweli tunapigania nini?

Hii mada niliikimbia muda mrefu, juu najua nikiiandika wengine watanitukana asubuhi na wengine watanitukana mangaribi. Lakini tangu mwezi wa 10 mwaka wa 2025 swali ni lile lile kila wiki: "Yaya, masini yangu inaniandikia kama Windows 10 imefika mwisho, nifanye nini?" Mmoja anajibu: weka Linux, mambo yaishe. Mwengine anaruka: acha kumdanganya mtoto wa watu, Linux ni ya kuteseka. Wa tatu anasema wenye kutumia Windows wote ni watumwa wa Marekani. Dakika kumi kisha, hakuna mtu anakumbuka tena ule mwenye aliuliza, na masini yake iko pale pale mezani inamngojea.

Mimi nilishakuwa mu kambi zote mbili, na mu kila moja nilipata haya yangu, nitazieleza. Basi leo nataka tuangalie huu ugomvi uko juu ya nini, ulitoka wapi, na juu ya nini sisi wa hapa kwetu tunaupigana vibaya.

Mfumo endeshi ni ile programu yenye inaamka ya kwanza ukibonyeza batani ya masini. Yenyewe njo inagawa kazi: hii programu itumie kumbukumbu kiasi hiki, ile iandike mu diski, hii ingine isikilize klaviye. Word, muziki, michezo, vyote vinapitia kwake kuomba ruhusa. Windows ni mfumo wa kampuni ya Microsoft, macOS ni wa Apple. Linux haina mwenyewe mmoja. Ni kiini chenye maelfu ya watu wanakiandika pamoja, wengine wakilipwa na makampuni, wengine kwa hiari yao, na juu ya kile kiini vikundi mbalimbali vinajenga mifumo kamili: Ubuntu, Debian, Fedora, Linux Mint na mingine mingi. Na telefone yako ya Android pia, ndani yake iko kiini cha Linux. Kwa hiyo wale wenye wanaapa kama hawatatumia Linux hata siku moja, wanaapa wakiwa wameishika mkononi.

Sasa tofauti yenyewe. Programu inaandikwa na watu kwa maandishi ya kusomeka, tuyaite msimbo. Kisha ule msimbo unageuzwa kuwa namba zenye masini inaelewa, lakini mtu hawezi kuzisoma. Kampuni ya kibiashara kwa kawaida inakupa zile namba tu, na msimbo inabaki nao. Na hata zile namba haikuuzii kwa kweli: inakuuzia leseni, ni kusema ruhusa ya kuzitumia kwa masharti yake. Programu huria, yenyewe, inakupa msimbo pamoja na ruhusa ya kuusoma, kuubadilisha na kuwagawia wenzako.

Fikiri juu ya motari. Anaweza kununua pikipiki nzuri sana yenye injini yake imefungwa, na ufunguo wa kuifungua uko kwa muuzaji tu. Siku inaharibika, fundi wa kule Kadutu anaiangalia, anatikisa kichwa, anasema rudisha dukani. Ao anaweza kupata pikipiki yenye injini iko wazi na michoro yake yote. Hii ya pili haimaanishi kama motari mwenyewe anajua kutengeneza injini. Wengi hawajui. Inamaanisha kama fundi yeyote mwenye anajua hatakatazwa.

Na hapa Kiswahili kinatusaidia. Kiingereza kiko na neno moja tu kwa "bure" na kwa "huru", na lile neno moja liliwasumbua miaka na miaka, hata mu 1998 watu fulani wakatafuta jina lingine kabisa la programu huria ili wafanyabiashara waache kuogopa. Sisi bure ni bure, huru ni huru. Kampuni Red Hat ilitajirika kwa kuuza msaada juu ya Linux, na IBM iliinunua mwaka wa 2019 kwa dola miliari 34. Ile haiko bure hata kidogo, lakini msimbo ni huru. Windows yenye ulinakili kwa rafiki yako iko bure, lakini haiko huru. Kumbuka hii, tutairudilia.

Huu ugomvi ni wa zamani kupita wengi wetu. Mwezi wa 2 mwaka wa 1976, Bill Gates alikuwa kijana wa miaka 20. Yeye na Paul Allen walikuwa wameandika lugha ya BASIC kwa ajili ya kompyuta moja ndogo yenye iliitwa Altair. Wapenzi wa kompyuta kule Marekani waliipenda sana, lakini walikuwa wanainakili wao kwa wao. Gates aliwaandikia barua ya wazi. Aliwaambia kama wengi wao wanaiba, kama muda wa kompyuta wenye yeye na wenzake walitumia ulikuwa na thamani kupita dola 40.000, na kama ukigawa yale walipata kwa saa zenye walifanya kazi, haifiki dola 2 kwa saa. Watu wengi walikasirika. Lakini wewe mwenye ulishakesha usiku nzima ukiandika programu ya duka la mtu, kisha asubuhi akakuambia "si ni kubonyeza tu?", isome ile barua, utamwelewa. Swali lake lilikuwa la haki: nani ataendelea kufanya kazi nzuri kama hakuna mwenye anamlipa?

Jibu la upande mwengine lilitoka kwa Richard Stallman, mtu wa maabara ya MIT. Mu maabara yao kulikuwa masini ya kuchapisha yenye karatasi zilikuwa zinakwama kila mara. Ile ya mbele walikuwa wameirekebisha wenyewe: karatasi ikikwama, inawatumia ujumbe. Ile mpya ilikuja bila msimbo, hawakuweza kufanya kitu. Ni jambo dogo kabisa, la karatasi, lakini njo lilimchoma. Mwaka wa 1983 alitangaza mradi wa GNU, wa kujenga mfumo mzima wenye uko huru, na kisha akatoa leseni yenye inaitwa GPL. Ujanja wa GPL ni huu: unaweza kunakili, unaweza kubadilisha, hata kuuza unaweza, lakini ukigawa programu ile, mwenye kuipokea lazima apate haki zile zile zenye wewe ulipata. Hauwezi kuchukua mali ya wote ukaifungia mu nyumba yako.

Kwa hiyo angalia vizuri. Gates alikuwa anauliza nani atalipwa. Stallman alikuwa anauliza nani ataruhusiwa kutengeneza. Hayo ni maswali mawili tofauti, na mpaka leo mtu anauliza la kwanza, mwengine anamjibu la pili, wote wanapandisha sauti.

Ugomvi mmoja wenye napenda kuwaeleza wadogo zetu ni ule wa 1992, juu yenyewe ulikuwa wa maana. Mwaka mmoja mbele, mu 1991, Linus Torvalds, mwanafunzi wa miaka 21 kule Helsinki, alikuwa ameanza kuandika kiini chake mwenyewe, akitangaza kama ni mchezo wake tu. Andrew Tanenbaum alikuwa profesa kule Amsterdam, mwenye aliandika MINIX, mfumo mdogo wa kufundishia, na Torvalds mwenyewe alikuwa amejifunzia pale. Mwezi wa 1 mwaka wa 1992, Tanenbaum aliandika mbele ya watu wote kama Linux imeshapitwa na wakati. Hakusema "wewe ni mjinga". Alisema: kiini chako ni pande moja kubwa, kazi zote ziko ndani yake, wakati siku hizi watafiti wanajenga viini vidogo vyenye vinaacha kazi zingine inje, na tena umekifunga kwa prosesa moja tu, 386 ya Intel. Akaongeza kama Torvalds angekuwa mwanafunzi wake, hangepata alama nzuri kwa mchoro kama ule.

Fikiri wewe ni mwanafunzi, profesa mwenye kitabu chake njo ulijifunzia anakuambia hivi mbele ya dunia. Torvalds alijibu kwa hasira, alipiga MINIX vibaya sana. Kisha akaomba radhi juu ya ule ukali, na mazungumzo yakaendelea juu ya mambo yenyewe: namna ya kugawa kumbukumbu, namna ya kuhamisha mfumo ku prosesa zingine, nani anaruhusiwa kugawa nini. Mwaka ule ule Torvalds aliweka Linux chini ya leseni ya GPL. Ile, kwa maoni yangu, ilifanya kazi kupita mchoro wowote, juu kila mwenye alirekebisha kitu alijua kama hakuna mtu atamfungia kazi yake.

Nani alishinda? Tangu mwezi wa 11 mwaka wa 2017, kompyuta zote 500 zenye nguvu kupita zingine duniani zinatumia Linux. Lakini mwaka ule ule wa 2017 watu waligundua kama Intel iliweka MINIX mu chipu yenye inasimamia kompyuta zake, kwa siri, chini ya Windows ya watu. Profesa aliiandikia Intel barua ya wazi, kwa ucheshi, kuwashukuru juu ya kueneza kazi yake hivyo. Kwa hiyo wote wawili walishinda, na kila mmoja alikosea pahali fulani.

Wakubwa wa makampuni nao walitoa maneno. Mu 2001 Steve Ballmer, mwenye alikuwa anaongoza Microsoft, alifananisha Linux na kansa, juu ya ile sharti ya GPL yenye inashikamana na kila kitu inagusa. Mu 2018 Microsoft ile ile ilinunua GitHub, soko kubwa la watu wa programu huria, kwa dola miliari 7,5. Hawakuokoka. Walihesabu tu. Nawaambia hii juu iko vijana hapa wanatukanana kwa ajili ya Microsoft na maneno ya 2001, wakati Microsoft yenyewe imeshahama.

Tukuje sasa ku kesi yenye inanyamazisha kambi zote mbili: mji wa Munich, kule Ujerumani.

Mu 2003 halmashauri ya mji iliamua kuacha Windows na kuhamisha kompyuta za wafanyakazi wake, kitu kama 14.000, kuzipeleka ku Linux. Ballmer alikatiza likizo yake ya kuteleza mu theluji ili akuje kuongea na meya Christian Ude. Alipunguza bei. Mji ulikataa. Kazi ikaanza kweli mu 2006 na kuisha mu 2013, na mfumo wao waliuita LiMux. Wapenzi wa Linux duniani kote walishangilia, walisema mnaona, inawezekana.

Kisha, mu 2014, meya mwengine akaingia, Dieter Reiter, mwenye hakuipenda. Wafanyakazi walikuwa wanalalamika: dokima zenye zinatoka mu ofisi zingine zinafunguka vibaya, programu fulani za kazi zipo kwa Windows tu. Microsoft nayo ilihamisha makao yake ya Ujerumani ndani ya Munich mu 2016, na watu walisema mengi juu ya ile. Mu 2017 halmashauri ikapiga kura ya kurudi ku Windows. Wapenzi wa Windows wakashangilia pia, kwa zamu yao. Na mu 2020 vyama vyenye viliungana kuongoza mji vikakubaliana tena kama programu huria ipewe nafasi ya kwanza pahali inawezekana.

Watu wanasoma hii kesi kama mpira, nani alifunga bao. Mimi naisoma hivi: hakuna siku hata moja yenye kiini cha Linux kilishindwa pale. Kilichosumbua ni faili za Word zenye zinakuja toka inje, programu za ofisi zenye ziliandikwa kwa mfumo mmoja tu, na siasa. Angalia jandarmeri ya Ufaransa, yenyewe ilifanya tofauti. Mu 2005 walibadilisha kwanza programu za kuandikia tu, wakaacha Windows pale pale. Kisha wakabadilisha programu ya kutembelea intaneti na ile ya barua. Watu wakazoea. Kutoka 2008 njo wakaanza kubadilisha mfumo chini, kwa Ubuntu, na leo makumi ya maelfu ya masini zao zinaendelea hivyo. Jandarme mwenye alikuwa anafungua programu zile zile kila asubuhi, chini yake kilibadilika kitu, yeye kazi yake ikaendelea.

Mimi sikuwa na ile hekima. Nitaeleza haya yangu ya kwanza.

Mu 2016 nilikuwa naandika TFC. Nilienda ku sekretaria moja kuchapisha sura mbili. Niliporudi nyumbani, dosie zangu zote mu kle zilikuwa zimegeuka alama tupu zenye hazifungui kitu. Munaijua ile virusi, iliwapita wengi wetu. Kwa woga, niliformate ile kle ili niisafishe. Kumbe faili zilikuwa bado ndani, virusi ilikuwa imezificha tu. Nilizifuta mimi mwenyewe kwa mkono wangu. Wiki mbili za kazi. Siku chache kisha, kle ya dada yangu ikapatwa na ugonjwa ule ule, jirani mmoja akaichomeka mu masini yake ya Linux, na faili zote zikaonekana wazi wazi, juu Linux haifuate ile amri ya Windows ya kuficha, na ile virusi haikuwa na uwezo wa kuamka pale. Nilisimama nyuma yake kama mtu mwenye ameona muujiza. Kutoka siku ile nikakuwa mhubiri.

Haya ya pili inatoka ku ule uhubiri. Mu 2018 rafiki yangu mmoja aliniomba nimsaidie, masini yake ilikuwa inakwenda polepole. Nilifuta Windows yote, nikaweka Ubuntu. Masini ikakuwa nyepesi, kweli. Aliandika memwari yake mu LibreOffice bila shida. Usiku wa mwisho kabla ya kuipeleka, wakaifungua ku sekretaria mu Word: jedwali zimekatika, namba za kurasa zimehama, kurasa zikaongezeka, orodha ya mambo haifanane tena na kitu. Alikesha kutengeneza kurasa moja moja, akilipa kwa saa. Kama ningemwambia atoe PDF mu masini yake mwenyewe mbele ya kwenda kuchapisha, angelala. Sikumwambia, juu nilikuwa nashughulika kumwonyesha namna Linux iko nzuri. Miezi miwili hakunisalimia, na alikuwa na haki.

Basi sasa, sisi. Wenye wanagombana kule Ulaya wako kambi mbili: wenye walilipa leseni, na wenye walichagua huria. Sisi wengi wetu tuko kambi ya tatu yenye haitajwe: Windows yenye ufunguo wake ulivunjwa, ile tunaita ya kukrake. Leseni ya Windows 11 ya nyumbani kule Marekani inauzwa dola 139. Mwalimu yeyote wa sekondari hapa anajua dola 139 ni nini mu mwezi wake, sitamhukumu mtu. Lakini ina matokeo mu ugomvi wetu. Mtu anasema "Windows ni nzuri kupita, na tena haina bei", analinganisha kitu chenye aliiba na kitu chenye alipewa, na anaona vyote viko bei moja. Aweke dola 139 mezani, kisha tuanze kuongea.

Na ile kukrake ina bei yake yenyewe. Programu ya kuvunja ufunguo, uliipata wapi? Ilikuomba uzime antivirusi kwanza, kweli ao uongo? Ni kusema ulimfungulia mlango mtu usiyemjua na ukafukuza mlinzi. Wengi pia wanazima marekebisho yenye Microsoft inatuma, juu wanaogopa Windows itagundua, ao juu yanakula mega. Mwezi wa 5 mwaka wa 2017, virusi yenye iliitwa WannaCry ilifunga faili za watu mu nchi zaidi ya 100 na kuomba malipo. Hospitali za Uingereza ziliacha kupokea wagonjwa wengine. Ule mlango wenye ilipitia, Microsoft ilikuwa imeshatuma dawa yake miezi miwili mbele. Masini zenye hazikupokea dawa njo zilianguka. Shida haikuwa Windows peke yake. Ilikuwa Windows yenye haitunzwe. Na ya kukrake, kwa kawaida, haitunzwe.

Wahubiri wenzangu, musishangilie. Mu 2014 waligundua kosa kubwa mu OpenSSL, programu huria yenye inalinda siri za tovuti nyingi sana duniani. Msimbo ulikuwa wazi, na lile kosa lilikaa ndani miaka miwili bila mtu kuliona, juu watu wenye walikuwa wanaitunza walikuwa wachache na makuta yao kidogo. Hapa Gates wa 1976 angecheka. Na mwezi wa 3 mwaka wa 2024, mtu fulani alikuwa ameingiza mlango wa siri mu programu ndogo yenye inaitwa xz, kisha ya kujifanya rafiki wa ule mradi kwa muda mrefu. Mwenye aliugundua, Andres Freund, aliona tu kama kuingia mu masini yake kunachelewa kwa nusu sekonde, akafuatilia. Aliweza kufuatilia juu msimbo ulikuwa wazi. Na alikuwa anafanya kazi Microsoft. Mtu akikuambia hii vita iko na pande mbili safi, mwelezee hii.

Kwa hiyo nikiulizwa leo, sianze tena na mfumo. Naanza na kazi. Mtu wa kontabilite mwenye anatakiwa kujua Sage Saari, programu yenye makampuni mengi ya hapa yanamuuliza siku ya kumpima, anahitaji Windows, hata ukimhubiria mpaka kesho. Mtu mwenye anatafuta kazi mu mashirika ya kusaidia watu atakutana na KoboToolbox na QGIS, zote mbili ni huria na zinakwenda pahali popote. Mtu wa kuandika, kutafuta ku intaneti, kutuma barua, kuangalia filme, hana kitu chenye kinamfunga kabisa, isipokuwa mazoea. Mazoea nayo ni kitu cha kweli, tusiyacheke.

Kisha naangalia masini. Zile zetu nyingi zilitumika Ulaya miaka tano ao kumi mbele ya kufika huku. Windows 11 inaomba chipu ya usalama ya TPM 2.0 na prosesa zenye kwa Intel zinaanzia karibu kizazi cha 8. Masini ya 2014 haipite pale kwa njia ya kawaida. Tarehe 14 mwezi wa 10 mwaka wa 2025, Windows 10 haikuzimika, itawaka kesho na keshokutwa, lakini mashimo mapya hayazibwe tena. Microsoft iliacha njia ya kupata marekebisho ya usalama mpaka mwezi wa 10 mwaka wa 2026, kwa mwenye leseni halali. Na hapa iko jambo lenye wengi hawajue: zile Dell na HP za kuja toka Ulaya, kutoka wakati wa Windows 8, mara nyingi ziko na ufunguo wao halali ndani ya masini yenyewe. Ukiweka Windows ya aina ile ile toka ku tovuti ya Microsoft na kuingia intaneti, inajitambua yenyewe. Nimeona watu wanakrake masini yenye ilikuwa na leseni yake ya kulipwa ndani. Angalieni kwanza.

Linux Mint, faili yake ni kama giga 3. Kwa forfe zetu ni mzigo, lakini mtu mmoja akiipakua usiku, anaweza kuinakilia wenzake kumi kwa kle, na hakuna sheria yenye wamevunja. Njo namna leseni yenyewe inataka. Tena unaweza kuiwasha toka ku kle bila kugusa diski, ukajaribu klaviye, wifi, sauti, ukazima, na masini yako ikarudi namna ilikuwa.

Mdogo wangu wa wiki iliyopita, mwenye alituacha tukigombana juu ya kichwa chake, niliishia kumuuliza masini yake ni gani. Core i3 ya kizazi cha 4, giga 4 za kumbukumbu, na anasoma kontabilite. Nilimwambia aache Windows yake kwa ajili ya Sage, bila kuiingiza intaneti wala kuichomekea kle za watu, na tumwekee Mint pembeni kwa mengine yote. Aliniuliza kama itamletea shida siku ya kuchapisha. Nilimjibu ndiyo, inaweza, nitamwonyesha namna ya kutoa PDF. Jumamosi anakuja. Nimemwomba ajikopilie faili zake zote pahali pengine mbele ya kufika, juu hii mara sitaki kunyimwa salamu miezi miwili.